Maneno Mia Sita Kuhusu Bwawa

Kiwanda cha soksi kilipunguza watu Novemba.
Mimi nilikuwa nafunga vidole, mshono ule wa mbele
usiokumbukwa na mtu ila umemkera.
Nikapewa nusu mshahara na jozi kumi na mbili za kijivu,
nikarudi kwa miguu. Gyumri imeshaanza kuganda,
mapaa yameota meno ya barafu.

Dada yangu Heghine akasema:
"Barua za mtaa mzima huu nani alikuwa akiziandika?
Ya shangazi kwa kampuni ya gesi,
ya Vazgen kwa mke aliyemkimbia (na mke akarudi!).
Andika basi za kulipwa."
Nikacheka.
Kisha nikaacha kucheka.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa mtu wa Krasnodar
ambaye uso wake sijauona hadi leo:
maneno mia sita, namna ya kusafisha bwawa la kuogelea.
Dola saba. Kesho asubuhi.
Na chini kabisa: "Bila mashairi, tafadhali."

Bwawa!
Hapa ndoo huamkia na ngozi juu ya maji,
unaigonga kwa kijiko ndipo upate chai.
Nimejikunyata kando ya jiko, glavu nimezikata ncha,
kompyuta ya kuazima, kitufe kimoja kimeng'oka,
najifunza klorini ni nini.
Mchumia juani hulia kivulini, sawa;
na anayechumia thelujini habari za jua,
yeye hulia wapi?

Nikaandika: Maji ni uhai.
Nikafuta.
Nikaandika: Tangu zama za kale binadamu ameyapenda maji.
Nikafuta upesi, kama mtu aliyechungulia dirisha la jirani.
Saa sita usiku nilikuwa na maneno arobaini na moja,
tisa kati yake ni "bwawa".

Mama akageuka kitandani.
"Nani atasoma hayo?"
"Mwenye bwawa chafu."
"Basi unamhubiria nini? Mwambie aanze wapi."
Akavuta blanketi, akarudi usingizini,
ada yangu yote ya shule ya uandishi
ikiwa hiyo.

Nikamtafuta mtu huyo gizani.
Nikampa suruali iliyokunjwa hadi magotini,
nikampa maji ya kijani kama supu ya juzi,
nikampa wakwe wanaokuja Jumamosi.
Masikini, amesimama na ufagio
hajui pa kuugusia.
Nikamwambia: Kwanza, toa majani.
Akatoa majani.
Nikamwambia: Sasa sugua kuta, kutoka juu kwenda chini.
Tukasugua wote wawili hadi alfajiri,
nami nikasahau kwamba miguu yangu imekufa ganzi
ndani ya soksi nilizozifunga mwenyewe.

Jibu likaja baada ya siku mbili:
"Inafaa. Punguza vivumishi.
Inayofuata: mafuta ya kukinga jua."
Dola saba, zikakatwa hapa, zikakatwa pale,
zikanifikia tano na senti kidogo.
Nikanunua kuni. Nikanunua gundi ya kile kitufe.

Jina langu halipo popote.
Heghine hukasirika kwa niaba yangu.
Mimi nawaza vidole vya watu nisiowajua,
vinatembea Vanadzor, vinatembea Tbilisi,
ndani ya mshono wangu, bila kuuhisi,
na kutohisi huko ndiko kulikokuwa ufundi.

Sasa ni Machi. Nimeandika magodoro, meno bandia,
paka wanaokataa kula, mikopo (hiyo sikuipenda).
Wiki nyingine hakuna kitu, naenda kuwaosha wazee hospitalini.
Je, ni kazi? Shangazi haamini.
Lakini jana Vazgen alinisimamisha kwenye tope la theluji,
kofia mkononi, sauti chini:
kaka yake wa Sochi amenunua nyumba,
maji yamebadilika rangi,
aanze wapi?